Fuwele za Nobel zitapimwa kwa maji ya Kikopey

TUZO ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa California, Berkeley. Walitunukiwa kwa kubuni fuwele ambamo chembe za metali huunganishwa na molekuli zenye kaboni, zikawa mfano wa jengo lenye vyumba vitupu visivyohesabika.

Kwa wakazi wa Kikopey, karibu na Gilgil, habari hiyo si ya mbali kama inavyodhaniwa. Kituo hicho cha barabara kuu ya Nairobi-Nakuru kinasifika kwa nyama choma, lakini kimo katika ukanda wa Bonde la Ufa ambao miamba yake ya volkano huyatia maji madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika Ziwa Elementaita, jirani na Kikopey, kimewahi kurekodiwa kiwango cha miligramu 1,640. Hakuna anywaye maji ya ziwa hilo, ila visima vingi vya ukanda huo navyo huvuka kikomo. Matokeo yake ni meno ya kahawia kwa watoto na, kwa wanywaji wa miaka mingi, mifupa iliyokakamaa.

Fuwele hizo hutengenezwa kwa kuyeyusha chumvi ya metali pamoja na asidi yenye kaboni, kisha mchanganyiko hupashwa moto ndani ya chombo kilichofungwa. Miale ya eksirei ndiyo huonyesha kila chembe imekaa wapi. Umbo hilo lina maana kubwa, kwani floraidi hung'ang'ania alumini na zikoniamu, nazo ni metali zinazoweza kuwa nguzo za jengo hilo. Majaribio ya maabara yamekwisha kuonyesha kuwa fuwele za aina hiyo huweza kunasa floraidi majini.

Hata hivyo, maji ya maabara si maji ya kisima. Maji ya Bonde la Ufa yana magadi mengi, na magadi hugombea nafasi zile zile ambazo floraidi ingeshika. Aidha, baadhi ya fuwele hizo huporomoka zikikutana na unyevu, na ile inayoporomoka yaweza kuacha metali yake ndani ya kikombe.

Wakati huo huo, Nakuru ina dawa yake. Tangu miaka ya 1990, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeendeleza uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwa hewa kidogo. Mkaa huo huchoka na hulazimu kubadilishwa, lakini malighafi yake hubaki mezani kila mlo wa nyama unapokwisha.

Kwa mantiki hiyo, swali kwa watafiti na serikali za kaunti si kama fuwele mpya ni za ajabu. Ni kama zitasafisha lita nyingi zaidi za maji yenye magadi, kwa shilingi ile ile, kuliko mkaa wa mifupa. Jaribio hilo lifanyike kwa maji ya visima vya Gilgil na Nakuru. Mpaka jibu lipatikane, kuacha kichujio kilichopo kwa kungojea kijacho ni kuwaongezea watoto miaka ya kunywa floraidi.