Joto Halina Mwenyeji

Lalamikia joto Dar es Salaam mwezi wa Februari, utajibiwa papo hapo: "Kwani wewe mgeni? Sisi tumeshazoea." Jibu hilo hutolewa kwa majivuno, kana kwamba kukulia Pwani ni chanjo.

Kuzoea kupo, sikatai. Mwili ukifanya kazi juani wiki moja au mbili hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Lakini mazoea hayo hayadumu. Kibarua aliyelazwa wiki mbili kwa malaria anarudi saiti akiwa karibu sawa na aliyeshuka jana kutoka Njombe. Tena jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Hupoza kwa kukauka. Msimu wa kaskazi hewa ya Dar imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linachuruzika hadi kwenye ndala na joto linabaki ndani. Mwili ukipita nyuzi 40 mtu huanza kuropoka, kupepesuka, kisha huanguka. Hicho ni kiharusi cha joto, na hakiulizi mtu kazaliwa Kariakoo au Ulaya.

"Basi mbona hatuoni watu wakifa kwa joto?" Hatuwaoni kwa sababu kifo cha joto huandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine. Chicago, Julai 1995, joto liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti alipotangaza hesabu yake, meya Richard Daley aliitilia shaka hadharani. Angalau kule kulikuwa na hesabu ya kubishania. Kwetu, bibi wa Manzese anayelala chini ya bati, dirisha kalifunga kwa kuogopa vibaka, akikutwa asubuhi hana uhai tunasema presha. Huenda ni presha kweli. Nani aliuliza chumba kilikuwa na joto gani?

Waomani wana jangwa na wana mazoea ya vizazi, lakini hawakuyategemea. Sheria yao inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Wanaonufaika zaidi ni vibarua wa kigeni, sawa. Ila marufuku ipo na ina saa zake.

Huku zege linamwagwa saa saba mchana, na anayeomba kukaa kivulini anaitwa mvivu. Hapo ndipo ninapoona "tumezoea" inamfaa nani: inampunguzia kontrakta gharama. Kivuli, maji ya kunywa na kuanza kazi alfajiri vinahitaji fedha na mpango, na anayelipwa kwa siku hawezi kuvidai peke yake, kesho atakuta nafasi yake ina mtu. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, anaweza. Akimaliza kuangalia helmeti na buti, aulize maji yako wapi, na vibarua wapya walipewa siku ngapi za kazi nyepesi kabla ya kupandishwa ghorofani na ndoo za zege.