Wingu Gani? Huo Ni Uzi!

Jamani, hili neno "wingu" litatuumbua. Nimekaa kimya siku nyingi, lakini leo naandika kwa hasira, na wa kwanza kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Wakati huo duka moja la leso hapa Biashara Street lilikuwa likitumia programu niliyoiandika mimi. Seva iko Afrika Kusini. Kila doti ikiuzwa, lazima programu iulize seva kwanza. Kesho yake wateja wamejaa, kompyuta inazungusha kiduara tu. Mzee mwenye duka akatoa daftari lake la zamani, akaendelea kuuza. Mimi na shahada yangu nimesimama kando kama mzigo usio na mwenyewe.

Jioni akachomoa uzi kwenye kikoi, akaukata kwa meno. "Huu mmoja haunishindi, mwanangu. Haya, nikatie kikoi kizima!" Kikoi kina mtande na mshindio, uzi mmoja ukikatika, jirani zake hushikilia. Hata uzi wenyewe ni nyuzinyuzi za pamba, sentimita mbili tatu hivi, zinazoshikana kwa sababu zimesokotwa.

Sasa litazameni hilo wingu lenu. Ni nyuzi za kioo, kila mmoja unene wake mikromita 125, karibu sawa na unywele, ndani ya mkongo ambao huko kwenye kina kirefu ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia maua. Februari 2012 nanga ya meli ilikata mkongo wa TEAMS hapa hapa Mombasa. Nimeona mawingu mengi, sijaona lililokatwa na nanga.

Wenzangu mtaniambia ninunue laini ya pili. Sawa, lakini ulizeni kwanza inapita wapi. EASSy na SEACOM ni mikongo ya wenyewe tofauti, na ilikatika siku moja.

Dawa ipo, tatizo ni uvivu wetu. Programu ihifadhi mauzo pale pale dukani, iyapange foleni, mtandao ukirudi iyapeleke. Kuiandika upya kulinichukua wiki mbili. Kilichonisumbua ni kimoja: doti ya mwisho ikiuzwa na matawi mawili kabla hayajawasiliana, programu ifanye nini? Nikampelekea Mzee swali. Akacheka. Kumbe hata enzi za daftari ilikuwa ikitokea, na yeye humpigia mteja simu tu.