Binti na Hesabu za Pepo

Dada mmoja atuuliza: binti yake amepata nafasi chuo kikuu kusoma mfumo wa dunia kwa kompyuta, je, huko si kupiga ramli? La. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Hapa hewa na bahari hugawanywa vyumba vyumba, na kila chumba hupigiwa hesabu ya joto, upepo na unyevu, kama zipigwavyo hesabu za nyakati za sala. Mwaka 1967 Manabe na Wetherald, kwa safu moja tu ya hewa, walikadiria kuwa kaboni dioksidi ikiongezeka maradufu, joto litapanda digrii 2 na ushei. Zaonekana chache, lakini bahari yetu ilipozidi joto mwaka 1998, matumbawe mengi yalikufa. Dada, mpe radhi zako aende. Ila hisabati aikaze tangu sasa.