Jaji Asiye na Sifa: Aondolewe, Lakini kwa Sheria

Ndugu msomaji, ukiumwa jino hapo Tandika huendi kwa fundi cherehani, hata awe mcha Mungu namna gani. Na ukiambiwa dereva wa basi la Mbagala hana leseni, utashuka. Lakini siku utakapogombania nyumba aliyokuachia marehemu mumeo, utaingia mahakamani, utasimama kwa adabu, utamwita Mheshimiwa, wala hutauliza: huyu amesomea wapi? Mbona ni hapo tu tunapofunga midomo?

Haya si maneno ya barazani. Mwezi wa Julai 2012, Bungeni Dodoma, Tundu Lissu, aliyekuwa msemaji wa upinzani katika mambo ya katiba na sheria, alidai kwamba miongoni mwa majaji walioteuliwa wamo wasiokuwa na sifa zinazotakiwa. Serikali ilikana. Sisi hatumhukumu mtu kwa dai, maana dai si ushahidi. Tunalotaka ulitazame ni hili: lau dai lile lingethibitika juu ya mmoja wao tu, angeondolewaje?

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 109 yataka jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria, na awe ametimiza sifa za kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka 10. Muda huo Rais aweza kuulegeza, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Shahada hailegezwi. Sasa soma ibara ya 110A, ya kumwondoa. Sababu zake ni mbili: kushindwa kazi, iwe kwa maradhi au kwa sababu nyingine, na tabia mbaya. Na hata hapo sharti iundwe tume ya uchunguzi, ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe wengine ni majaji wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kukosa sifa tangu siku ya kwanza hakukutajwa kwa jina lake. Aliyeghushi cheti utamshika kwa tabia mbaya. Lakini aliyeteuliwa kwa uzembe wa wakubwa, naye hakumdanganya mtu, utamshika kwa lipi? Mwanasheria hodari atasema kuwa asiye na elimu ya kazi ameshindwa kazi. Huenda. Lakini haki za watu hazifai kuning'inizwa kwenye huenda.

Watakuja wenye huruma waseme: mzee wa watu ameshaizoea kazi, na hukumu zake si mbaya. Wanavyuoni walilijadili hili zamani sana. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, aliona kuwa uteuzi wa asiyetimiza masharti ni batili, hata hukumu yake ikiangukia kwenye haki. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa za pwani yetu, ni mpole zaidi: ikishindikana kumpata mwenye masharti yote, na mtawala mwenye nguvu akamweka aliyepungukiwa, hukumu zake zitapita kwa dharura.

Tuzingatie neno hilo, dharura. Mwaka 1961 kitivo cha sheria cha Dar es Salaam ndiyo kwanza kilikuwa kinafunguliwa. Mahakama za mwanzo zilipoanza 1964, baada ya kuondolewa zile za maliwali na makadhi, nchi ilichukua watu wenye mafunzo mafupi, maana hapakuwa na wengine. Hiyo ilikuwa dharura. Leo kipo chuo cha mahakama Lushoto, ipo Shule ya Sheria, na vijana wenye shahada wanazunguka na bahasha mitaani Kinondoni wakitafuta kazi. Dharura gani tena?

Wengine watasema: basi, afukuzwe kesho asubuhi. Taratibu, ndugu zangu. Mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe. Lakini jaji si karani. Jaji anayeweza kufutwa kwa amri ya jukwaani atautazama uso wa mtawala kabla ya kuutazama ushahidi, na wa kwanza kuumia ni yule mjane wa Mbagala aliyemshitaki mkubwa. Tume ibaki. Ila sheria itamke wazi kwamba kukosa sifa ni sababu ya tatu, na uchunguzi uwe na mwisho wenye tarehe. Siku ya kuapishwa jaji, itangazwe gazetini shahada yake, chuo chake na mwaka. Na hukumu alizokwisha kuzitoa? Zisianguke zote kwa pamoja, maana watu wamekwisha kujenga na kuoa juu yake. Aliyeshindwa apewe muda wa kuomba kesi isikilizwe upya, kwa gharama za serikali, kwani si yeye aliyemteua.

Na sisi wenyewe je? Tunalalamika, na si bure, kwamba mirathi ya Kiislamu huamuliwa katika mahakama za mwanzo na hakimu ambaye pengine hajui ni lini mjane hupata robo na ni lini hupata thumni. Ni kweli tupu. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 yataka ugomvi wa ndoa upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na mabaraza yetu tunayo. Nani amekaa pale? Baadhi ya mitaa amekaa mtu ambaye sifa yake ni kilemba na ukoo. Anawaambia wanawake warudi majumbani wakavumilie kipigo, na anaita hiyo elimu. Hakuna mtu anayemwuliza alisoma kwa sheikh gani wala ijaza yake iko wapi. Yule wa Mahakama Kuu hatuwezi kumfikia. Huyu wa baraza tunasimama naye safu moja kila Ijumaa, na kumwuliza hakuhitaji tume ya Rais.