Hana mimba. Haya, sasa ana nini?

Kimya kilikuwa kirefu, tulitawanywa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimerudi na jambo limenikaa kooni.

Huku kwetu tumbo la msichana likijaa kidogo tu, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza anaumwa nini, swali ni moja tu: ya nani? Na Tabora hii, kituo cha misafara ya Ujiji na Bagamoyo tangu enzi hizo, habari haijawahi kukosa wapagazi.

Shuleni ndiyo usiseme. Shule niliyopangiwa (jina naliacha) kulikuwa na binti wa kidato cha tatu, tumbo limejaa mpaka sketi haifungi. Akapimwa mkojo, hana mimba. Akapimwa tena, eti kipimo kimekosea. Hana. Akaambiwa arudi darasani, basi, hakuna aliyemfuatilia tena. Tumbo lile lile! Mama yake mdogo ndiye aliyempeleka hospitali. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa maji kwenye ovari, mkubwa, akafanyiwa upasuaji.

Sasa niambieni, kipimo kile cha mkojo kilikuwa cha kumsaidia nani? Mie nasema ulikuwa mtego. Mtego usiponasa, mwenye mtego anaondoka zake. Zile kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa ya kimaadili, mimba ikaingizwa humo, na mabinti wakawa wanabonyezwa matumbo kwa zamu. Novemba 2021 Serikali ikaruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Safi sana. Ila tabia ya kumpima mtoto ili tumkamate bado tunayo.

Kinachoniuma zaidi, mashine yenyewe ilianza na matumbo ya namna hii. Mwaka 1958 Ian Donald, daktari wa akina mama huko Glasgow, na wenzake John MacVicar na Tom Brown, waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu kuchunguza uvimbe wa tumboni kwa mawimbi ya sauti. Kuna mama alikuwa ameshaambiwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Mashine ikaonyesha uvimbe wa maji wa ovari. Ukatolewa, akapona.

Na si uchawi jamani. Sauti tusiyoisikia inaingia tumboni, mwangwi unarudi na kuwa picha. Maji matupu hayarudishi mwangwi, kwa hiyo uvimbe wa maji unatokea mweusi wenye ukingo. Mtoto angeonekana mtoto. Mionzi kama ya eksirei hakuna, ni jeli ya baridi tu. Tena vivimbe vidogo vingi vinaisha vyenyewe, ndiyo maana wanarudia kupima baada ya wiki kadhaa. Mkubwa ndio hatari: unaweza kuisokota ovari, damu isipite, na hapo ni upasuaji wa haraka.

Najua mtasema mwalimu si daktari. Nani kakwambia usome picha? Andika barua, mpigie mzazi, mtoto aende hospitali. Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko hapa hapa mjini. Kule Turkana, Kenya, uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa ulikuwa unawatesa watu, na AMREF, waliouanzia mradi mwaka 1983, walibeba ultrasaundi mpaka kwa wafugaji wenyewe, porini. Sisi barua tu inatushinda!

Jana nilimsimulia mwenzangu mmoja hapa bwenini. Akatikisa kichwa, akasema, "Kama si mimba, basi huyo karogwa." Mwaka wa tatu, ualimu, somo la kufundishia baiolojia.