Kwenye Chupa ya Smuthi Tunalipia Maji Safi

Mimi na maziwa hatuivi chungu kimoja. Nikinywa chai ya maziwa asubuhi, kipindi cha saa mbili nitakisikilizia chooni. Kwa miaka mingi nilidhani nina vidonda vya tumbo, mpaka muuguzi mmoja akaniambia niache maziwa wiki mbili nione. Nikaacha, nikaona. Wala siyo ugonjwa wa ajabu. Watu wazima wengi Afrika miili yetu hupunguza kile kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa tukishaacha kunyonya. Ukiwauliza wana kwenye ukumbi wa mhadhara, utashangaa ni wangapi wanaumwa tumbo kimya kimya na kusingizia maharage.

Kwa hiyo bumu la semista hii lilipoingia, nikapita supamaketi moja ya katikati ya mji, jirani na Posta, na kukuta kwenye friji rafu nzima ya chupa zilizoandikwa kwamba ni smuthi na ni za vegani, nilisimama pale kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Kwa ambaye hajakutana na neno hili: vegani ni mtu asiyekula chochote kinachotoka kwa mnyama. Siyo nyama tu, hata maziwa, mayai, siagi na asali. Neno lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na kina Donald Watson, walioona kwamba kuacha nyama peke yake hakutoshi. Usiwachanganye na ndugu zetu Wahindu wa pale Kisutu wasiokula nyama. Wengi wao maziwa na mtindi wanakunywa vizuri tu.

Nikanunua chupa tatu. Nilitaka kuandika makala ya kuzisifu, sitaficha. Ya kwanza, ya embe na pasheni kutoka nje ya nchi, shilingi 7,500. Ya pili, ya ndizi na maziwa ya lozi, shilingi 6,000. Ya tatu, ya kijani, parachichi na nanasi na mchicha, imetengenezwa hapa hapa mjini, shilingi 5,000. Jumla 18,500. Sasa piga hesabu. Posho ya chakula na malazi kwenye mkopo wetu ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23. Nilikuwa nimebeba karibu siku mbili za maisha yangu kwenye mfuko wa karatasi. Siku ile nilipiga pasi ndefu hadi kesho yake mchana.

Nilipofika chumbani nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya dukani: nikageuza chupa nikasoma nyuma. Kanuni ya kimataifa ya lebo za vyakula, ile ya Codex, inataka viambato viorodheshwe kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Basi kwenye chupa ya embe na pasheni, kiambato cha kwanza kilikuwa juisi ya tufaha. Embe la pili, pasheni iko mkiani huko. Sukari gramu 11 kwa kila mililita 100, na chupa ni mililita 250, yaani karibu vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii, pamoja na ile ya juisi ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu unayopata kwa siku, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 50. Chupa moja ndogo, nusu ya siku imekwisha, na bado hujanywa chai.

Ile ya lozi, lozi zenyewe zilikuwa asilimia 2. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, sukari na kitu cha kuifanya iwe nzito. Ile ya kijani ndiyo ilikuwa na ladha ya matunda kweli, nzito, unaisikia nyuzinyuzi ya nanasi kwenye ulimi. Lakini haikuwa na tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha muda. Kulikuwa na stika ya jani na neno moja kubwa tu: vegani. Nikainywa nikiwa naomba Mungu. Siku ile aliitika.

Hapo nikasema hapana, mimi ni mtoto wa Dar, haya mambo tunayo. Jumamosi nikapanda mwendokasi Ubungo, nikashuka Gerezani, nikaingia Kariakoo kwa miguu.

Na kweli tunayo. Ukitembea kutoka Msimbazi kukatiza mpaka Mtaa wa Kongo, utapita vinywaji ambavyo havijawahi kumgusa ng'ombe na hakuna aliyevibandika jina la kigeni. Juisi ya miwa, muwa unapita kwenye mashine pamoja na tangawizi na ndimu mbele ya macho yako. Ukwaju. Ubuyu, ambao Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuuzwa huko mwaka 2008 kama chakula kipya, wakati sisi tumekuwa tukiumumunya tangu tukiwa chekechea. Togwa, uji wa mahindi uliochachushwa kwa kimea cha ulezi, ambao watu wa Songea na Iringa hawakungoja Mwingereza yeyote awaambie ni wa vegani. Na dafu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kinywaji bora kabisa cha dukani: limefungwa kiwandani kwake mtini, halina stika, na muuzaji analifungua kwa panga wewe ukiwa umesimama.

Juisi ya parachichi ndiyo inahitaji uulize. Nilimuuliza mama mmoja, "Shikamoo mama. Humu kuna maziwa?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna."

"Hata ya unga?"

"Aa, ya unga kidogo tu, ya kulainisha."

Kwa hiyo uliza mara mbili. Hakuwa na nia ya kunidanganya, maskini. Kwake maziwa ni yale ya kwenye chombo, hii nyingine ni dawa ya kulainisha.

Siku ile nilikunywa vikombe vitatu kwenye meza tatu, kila kimoja shilingi 1,000, na nikaanza kuandika makala mpya kichwani: wazungu wametuuzia maneno, turudi Kariakoo. Makala hiyo ilikufa Jumapili usiku. Sitaeleza sana, ila Jumatatu nilikuwa zahanati, na testi ya alama 15 ikafanyika bila mimi. Meza ipi kati ya zile tatu, siwezi kusema, na sitamsingizia mtu.

Nilipopona nilirudi Kariakoo. Sikwenda kugomba, nilitaka kuelewa. Kijana mmoja mwenye blenda na jenereta dogo, wa umri wangu kabisa, alikuwa mkweli kuliko lebo zote nilizosoma.

"Maji unatoa wapi, kaka?"

"Ya dumu, bosi. Bomba lipo pale nyuma."

"Unachemsha?"

Akacheka. "Nikichemsha nikuuzie shilingi ngapi? Mkaa unaujua bei yake?"

Na barafu? Inaletwa imeshagandishwa, hajui maji yake. Blenda anaisuuza kwenye ndoo ile ile mpaka jioni. Siyo mchafu. Meza yake ilikuwa safi kuliko ya kwangu chumbani. Tatizo lake ni kwamba usafi unagharimu maji na moto, na yeye kwenye kikombe cha buku hana nafasi ya kuweka hivyo viwili.

Pale ndipo nilipoielewa ile chupa ya 7,500. Matunda hayawezi kuwa ndiyo sababu ya bei. Nanasi la Kiwangwa na machungwa ya Muheza yanashushwa humu mjini kila siku, na ndizi zinapigwa mnada pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, hatua chache kutoka hosteli yetu. Kwenye chupa tunalipia usafiri, ushuru, friji na lile neno, sawa. Lakini zaidi ya yote tunalipia uhakika: kwamba kilichomo kimepashwa moto kuua vijidudu, kina namba ya toleo, kina tarehe, na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula, lina mahali pa kuuliza kikileta shida. Yaani tunalipia maji safi. Maskini anakunywa tunda halisi kwenye maji ya kubahatisha, mwenye nafasi anakunywa juisi ya tufaha kwenye maji ya uhakika. Waliokuwepo Dar Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka wanajua huku kubahatisha kunaishia wapi.

Nikampelekea shangazi yangu wa Magomeni Mapipa hoja hii. Yeye hakuwa na muda wa hoja. "Nenda kalete matunda, blenda ipo." Nikanunua ndizi mbivu sita kwa 1,200, maembe mawili kwa 1,000, karanga za kukaanga za 500, ubuyu wa unga wa 500, tangawizi na ndimu za 300. Jumla 3,500. Maji yalichemshwa tangu usiku na kupoa kwenye mtungi. Tukasaga vyote, bila kuchuja, bila sukari, maana ndizi ikiiva vizuri sukari ya nini? Zikatoka bilauri tano kubwa, 700 kila moja. Ongeza gesi na umeme, weka hata faida ya muuzaji, bado hufiki 1,500. Na karanga zinakushikilia tumbo mpaka mchana, jambo ambalo ile chupa ya tufaha haikuweza.

Sasa nije kwa serikali yetu ya wanafunzi, maana makala isiyomwomba mtu kitu ni soga. Mikataba ya wazabuni wa kafteria mnaijadili na uongozi wa chuo. Kwenye mkataba ujao wekeni kipengele cha meza moja ya vinywaji vya kusagwa, kwa masharti manne tu. Maji yawe yamechemshwa au kuchujwa kwa mtambo, na barafu itokane na maji hayo hayo. Blenda ioshwe kwa maji yanayotiririka. Sukari isiwekwe mpaka mteja aombe. Na kuwe na ubao unaoandika kila kilichomo, hasa maziwa, pamoja na ya unga. Chuo kitoe maji na umeme, na kwa malipo hayo bei isizidi shilingi 1,500. Meza yenyewe apewe kijana kama yule wa Kariakoo, ambaye ujuzi anao tayari na anachokosa ni bomba la uhakika.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba bumu linachelewa, vyumba havitoshi, watu wanalala wawili kitanda kimoja, halafu huyu anadai smuthi. Rafiki yangu mmoja kaniambia vegani ni mambo ya Masaki. Namwelewa. Lakini hesabu kwenye darasa lako: ambao maziwa yanawakataa, Wasabato walioacha vitu vya wanyama, wanaofunga Kwaresima kwa kuacha nyama na maziwa, na wale ambao ikifika tarehe 25 wanaishi kwa andazi na soda kwa sababu ndicho kitu cha bei rahisi ambacho hakiumizi tumbo. Hao si watu wa Masaki. Halafu maji salama siyo anasa inayosubiri vyumba vipatikane kwanza. Anayelala wawili kitandani akiugua tumbo, wanaugua wawili.

Wengine watasema basi kila mtu ajisagie mwenyewe. Kwa blenda ipi? Sheria za hosteli nyingi hazitaki vifaa vya umeme chumbani, na wapo waliowahi kunyang'anywa hata hita ya chai. Si kila mtu ana shangazi Magomeni.

Wakati tunasubiri, mwenzangu, fanya haya. Dukani, geuza chupa kabla hujaenda kwa mtunza fedha: soma kiambato cha kwanza, soma sukari, soma tarehe. Ikikosa tarehe, irudishe kwenye friji hata kama ina jani. Mtaani, kunywa dafu, au juisi ya miwa isiyo na barafu kwenye bilauri uliyoiona ikioshwa, na uliza kuhusu maziwa mara mbili. Na ukimwona kiongozi wako wa kitivo anapita na karatasi za kuomba kura, muulize meza yetu itakuwa upande gani wa kafteria. Mimi ile testi sijaruhusiwa kuirudia. Alama 15 zimeenda, na kura yangu itamfuata atakayenijibu.

Naomba kutoa hoja.