Upele Haujui Mkwe

Wapendwa, leo natubu. Wiki moja baada ya kurudi kutoka Kaengesa kwa mama mkwe, mwanangu alianza kujikuna usiku kucha. Vipele vilijaa katikati ya vidole, kwapani na kiunoni. Nikamgeukia baba watoto: "Si blanketi za mama yako hizo!" Tukanuniana siku tatu.

Zahanati tukaambiwa kwamba kwa anayeupata mara ya kwanza, upele huchukua wiki 2 hadi 6 kujitokeza. Hesabu ikanigeukia: huenda sisi ndio tuliompelekea bibi!

Tulipewa dawa ya benzili benzoeti. Ya mtoto hupunguzwa makali kwa maji, kwa maelekezo ya mtaalamu. Mnapaka nyumba nzima usiku mmoja, hata asiyejikuna, hata dada wa kazi. Mashuka na nguo fueni kwa maji ya moto, anikeni juani. Muwasho ukiendelea wiki mbili tatu msishtuke, ila msijiongezee dawa.

Jioni nikampigia mama. Hajikuni bado, lakini alilala blanketi moja na mjukuu. Baridi ya Ufipa mnaijua. Nikamwomba radhi, naye aende zahanati. Shosti, aibu ya simu moja ni afadhali kuliko bibi kujikuna peke yake.